Moshi wa hita utatokea wapi?

Njombe, mwezi Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu bado umeng'ang'ania mapaa, na maji ya ndoo iliyolala nje yanauma vidole. Ndani ya bafu la nyumba ya wageni niliyofikia shida hiyo haipo. Ukutani pametundikwa sanduku jeupe, ukubwa wake kama begi la mwanafunzi. Chini yake, pembeni mwa choo, umesimama mtungi wa gesi wa kilo 15.

Nafungua bomba. Sanduku linalia tik-tik-tik, kisha pwaa! Moto wa buluu unawaka nyuma ya kidirisha chake, na sekunde chache baadaye maji yanatoka yakifuka mvuke. Kwa mtu aliyeshuka kwenye basi usiku wa manane akiwa anatetemeka, hiyo ni neema.

Neema iliniponyoka nilipoinua macho. Juu ya sanduku pana mdomo wa duara, upana wa kisosi cha chai. Hapo ndipo hufungwa bomba la kutolea moshi, na hapo hapakuwa na kitu. Dirisha lilikuwa limefungwa. Matofali mawili ya matundu yaliyo juu ya dirisha yalikuwa yamezibwa kwa karatasi zilizosokotwa kwa ustadi, na karatasi zenyewe zilikuwa za gazeti.

Nikazima hita. Siku hiyo nilioga maji ya ndoo, na baridi yake sijaisahau.

Mgeni hataki upepo

Mama mwenye nyumba hakukasirika nilipomuuliza. Wageni wake wengi ni wafanyabiashara wa mbao, viazi na parachichi. Wanafika usiku, wanaondoka alfajiri, na swali lao la kwanza mapokezini ni moja tu: maji ya moto yapo?

Alianza na kuni. Kijana aliamka saa kumi alfajiri kuchemsha pipa, hadi siku alipochoka akaacha kazi. Akajaribu vifaa vya umeme vya kufungwa kwenye bomba la mvua. Vyumba sita vikiwasha kwa mpigo asubuhi, swichi kuu ilikata na nyumba nzima ikabaki gizani. Gesi ndiyo iliyomtuliza. Matundu aliyaziba mwenyewe, chumba kimoja baada ya kingine, kila mgeni alipolalamikia upepo.

"Mwanangu," aliniambia, "mgeni akipigwa na upepo bafuni, kesho analala kwa jirani."

Fundi aliyezifunga hita hizo nilimkuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa pili, na naye alikuwa na maelezo yake. Maboksi aliyoletewa hayakuwa na bomba la moshi. Bomba huuzwa peke yake, linahitaji kutoboa ukuta, na ukuta ukishapakwa rangi mwenye nyumba hataki kusikia habari ya tindo. Aliambiwa afunge, akafunga.

Kila mmoja ana sababu inayoeleweka, na sioni mtu mwovu katika kisa hiki. Tatizo ni kwamba hita ilinunuliwa kwanza, ikatundikwa palipokuwa karibu na bomba la maji, na swali la moshi likawa la mwisho. Kwa kweli halikuulizwa kabisa.

Dakika nne

Chukua hita ya kawaida inayotoa lita sita kwa dakika. Ili maji ya Njombe yapande nyuzi 25 hivi, toka ubaridi wa asubuhi hadi uvuguvugu wa kuogea, inahitaji moto wa kilowati kama 12. Ni sawa na kuwasha plate nne au tano za jiko la gesi kwa wakati mmoja, ndani ya bafu, mlango ukiwa umefungwa.

Moto huo unakula karibu gramu 15 za gesi kila dakika. Mtungi wa kilo 15 unaweza kuwaogesha watu kama mia moja, kila mmoja dakika kumi. Ndiyo maana wenye nyumba za wageni wanaupenda.

Lakini moto hauli gesi peke yake. Kilo moja ya gesi ya mitungi inahitaji takriban mita za ujazo 13 za hewa ili iungue yote, na hiyo ni hewa ya Dar es Salaam au Tanga. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kama moja ya tano. Huku juu, kilo ile ile inataka mita za ujazo 16.

Bafu langu lilikuwa na upana wa mita moja na nusu, urefu wa mita 1.8, na dari iko mita 2.4 juu. Jumla ni mita za ujazo sita na nusu, na hita inavuta karibu robo mita ya ujazo kila dakika. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ikishuka hadi kwenye 18 hivi, moto huanza kukosa nguvu ya kuunguza gesi yote. Kwa bafu lililozibwa kama lile, hesabu yangu ya peni na karatasi inatoa kama dakika nne. Hapo mtu hajamaliza kujipaka sabuni.

> Kwa bafu lililozibwa kama lile, hesabu yangu ya peni na karatasi inatoa kama dakika nne.

Ni kweli hakuna bafu lisilopitisha hewa kabisa. Chini ya mlango hupenya kiasi, na kiasi hicho pengine ndicho kilichowafikisha wageni wengi salama sebuleni. Lakini kumtegemea fundi seremala aliyekosea kipimo cha mlango si mpango wa usalama.

Sumu isiyo na harufu

Gesi ikiungua vizuri hutoa hewa ukaa na mvuke wa maji. Mvuke huo si mdogo: kila kilo ya gesi huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Kuta za bafu lenye hita isiyo na bomba "hulia" kuliko kawaida, na hiyo ni ishara ya kwanza ambayo mtu yeyote anaweza kuiona.

Ikiungua vibaya, kwa kukosa hewa, huzaa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ile harufu kali ya gesi ya mitungi huongezwa makusudi kiwandani ili uvujaji ugundulike, lakini gesi ikishaungua harufu nayo imeungua. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Hapa moto upo mbele ya macho, na moshi wake huuoni.

Ndani ya damu, kaboni monoksidi hunasa kwenye hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anapumua lakini mwili haupati hewa. Kichwa kinauma, miguu inalegea, kichefuchefu kinamjia, usingizi unamvuta. Anayeoga amesimama anaanguka, na mlango ameufunga kwa komeo.

Watu wa Njombe si wageni wa janga hili. Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani kupasha joto usiku hutoa sumu hiyo hiyo, na kila msimu wa baridi watu huonywa kuhusu mkaa. Kuhusu hita ya gesi bado wengi hawajaonywa, pengine kwa sababu inapendeza machoni: nyeupe, safi, haina majivu.

Kuna jambo moja ambalo wahudumu wa zahanati wanapaswa kulishika. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni, ambacho tangu enzi za Uviko kimeenea, kinaweza kudanganyika. Hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi, kwa hiyo mgonjwa anayezama katika sumu anaweza kuonyesha namba nzuri tu. Swali la kuuliza ni je, wenzake nyumbani nao wanaumwa kichwa, na je, wakitoka nje wanapata nafuu? Malaria haiponi kwa kutoka uani.

Kifaa cha zamani, kosa la zamani

Mwaka 1868, mpaka rangi wa London aitwaye Benjamin Waddy Maughan alisajili hataza ya kifaa cha kuchemsha maji ya kuoga kwa gesi. Alikiita geyser, jina la chemchemi za maji moto za Iceland. Afrika Kusini hadi leo hita ya maji huitwa hivyo. Ukilitamka kwa ulimi wetu, linakaribia sana kuwa giza. Kifaa cha Maughan hakikuwa na bomba la moshi.

Waingereza walijifunza polepole na kwa gharama. Kanuni zao za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinakataza kufunga kifaa cha gesi ndani ya bafu isipokuwa kile kilichozibwa kabisa kutoka chumbani: kinachovuta hewa nje na kutupa moshi nje, moto wake usikutane hata kidogo na hewa anayovuta mwogaji. Wamarekani wana kipimo kingine. Chumba cha kawaida kitahesabiwa kuwa kinatosha kukilisha hewa kifaa cha gesi kikiwa na mita za ujazo 4.8 kwa kila kilowati. Kwa hita yetu ya kilowati 12 hiyo ni mita za ujazo 57 na ushei, sebule ya mita nne kwa sita. Bafu la ukubwa huo sijawahi kuliona Njombe, wala kwingineko.

Bomba lina masharti yake

Sasa turudi kwa fundi wetu, maana hapa ndipo penye kazi. Tulikaa juu ya mifuko ya saruji, akachora kwenye boksi tupu, nami nikimuuliza kama mwanafunzi.

Hita ya kawaida yenye mdomo juu husukuma moshi kwa joto lake tu. Moshi wa moto hupanda. Kwa hiyo bomba linatakiwa lipande wima kwanza, ndipo likunje. Kipande cha kulala kiwe kifupi, na hata hicho kielekee juu, angalau sentimita mbili kwa kila mita. Kila kona inapunguza nguvu ya moshi. Bomba lisipunguzwe upana njiani ati kwa sababu dukani lilibaki la kipenyo kidogo. Na liwe la bati au chuma kisichoshika kutu. Fundi alikiri kwamba amewahi kukuta bomba la plastiki la maji taka limetumika. Lilikuwa limelainika na kuinama kama ndizi iliyoiva, na moshi ukirudi ndani.

Bomba likipita karibu na mbao za dari, liachiwe nafasi ya sentimita 15 au zaidi, au lipitishwe ndani ya bomba kubwa zaidi. Mdomo wake wa nje uvikwe kofia ya kuzuia mvua na wavu wa kuzuia ndege, maana mdomo wenye joto ni kiota kizuri. Ukitokea ukutani, uwe mita 1.2 kutoka ubavuni mwa dirisha au mlango wowote. Hicho ni kipimo cha Wamarekani, nami nakiona cha busara hata kwetu.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuishia darini. Nyumba zetu nyingi za wageni hugawanywa kwa kuta zinazofika kwenye dari na kukoma hapo. Juu ya dari, chini ya bati, ni ukumbi mmoja mrefu unaovipita vyumba vyote. Bomba likitoboa dari tu na kuachwa hapo, macho ya mwenye nyumba yataridhika, kwa kuwa halionekani tena. Moshi utatambaa juu ya vichwa vya watu waliolala na kushuka kupitia matundu ya taa. Anayeoga chumba namba moja anamtilia sumu aliyelala namba nne.

> Anayeoga chumba namba moja anamtilia sumu aliyelala namba nne.

Halafu kuna feni. Feni ya kutolea hewa jikoni au bafuni, ikiwa nyumba imefungwa barabara, hutafuta hewa popote ilipo, na njia rahisi ni kuivuta kupitia lile bomba la moshi. Moshi unageuza safari. Kipimo chake ni chepesi: washa hita, washa feni, funga madirisha, subiri dakika tano, kisha sogeza kijiti cha udi kwenye mwanya ulio chini ya bomba. Moshi wa udi ukivutwa ndani ya bomba, sawa. Ukirudishwa usoni, zima kila kitu.

Na hewa ya kuingia nayo ina hesabu. Kwa hita yetu yanatosha matundu mawili yanayofunguka nje moja kwa moja, moja karibu na dari na jingine karibu na sakafu, kila moja lenye uwazi halisi wa kama sentimita nane kwa nane. Hayo yanalisha moto hewa. Kazi ya bomba hayaifanyi. La chini lina faida ya ziada. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hujilaza sakafuni ikisubiri cheche.

Nje kuna wezi, ndani kuna sumu

Kwa nini basi hita isiwekwe nje ya bafu kabisa, maji ya moto ndiyo yaingie? Nilimuuliza mama mwenye nyumba. Alicheka. Mtungi wa nje huibwa, alisema, na hita nayo. Fundi akaongeza lake: upepo wa Njombe huzima moto, na mvua huozesha bati.

Hoja zao nazipa uzito, lakini naegemea upande wa nje. Mwizi huzuiwa kwa kizimba cha nondo na kufuli, mvua kwa kipande cha bati, na upepo kwa kununua hita iliyotengenezwa kukaa nje. Tundu la bafuni linategemea kitu ambacho hakizuiliki: mgeni anayehisi baridi ataliziba tundu lolote unalomwachia. Atatumia gazeti, taulo, hata soksi. Mpango unaomtaka mtu aliye uchi avumilie upepo wa Julai ili asife utavunjwa siku ya kwanza.

Mwenye uwezo ana njia ya pili, hita iliyozibwa yenye bomba ndani ya bomba, la nje likivuta hewa na la ndani likitoa moshi. Hiyo inaweza kukaa ndani na matundu yakazibwa isidhurike. Bei yake ni ya juu, na huku juu milimani inatakiwa irekebishwe kulingana na mwinuko, kama ilivyo kwa hita yoyote iliyopimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Kijitabu chake kisipotaja mwinuko, muuzaji aulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Hata nje kwenyewe kuna masharti. Oktoba 2006, kwenye hoteli moja kisiwani Corfu, Ugiriki, watoto wawili wa Kiingereza walikufa kwa kaboni monoksidi. Mtambo wa maji moto haukuwa chumbani mwao. Ulikuwa kwenye kijumba kilichoshikana na nyumba waliyolala, na sumu ilipenya kupitia upenyo ulioachwa ukutani yalipopita mabomba. Kizimba chetu cha nondo kibaki kizimba. Siku mtu atakapokijengea matofali ili kipendeze, kitakuwa chumba, na tutakuwa tumerudi bafuni kwa mlango wa nyuma.

Mtungi ule ule, mlango tofauti

Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Mitungi inaingia majumbani kwa wingi, nami nashangilia. Nimekulia kwenye jiko la kuni na macho yangu yanajua. Lakini mkakati, kama jina lake linavyosema, unahusu kupika. Mtungi haujui hilo. Ukishafika nyumbani, kutoka jikoni penye mlango wazi hadi bafuni penye mlango wa komeo ni hatua sita.

EWURA inasimamia biashara ya gesi, TBS inasimamia ubora wa bidhaa, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapokea simu kupitia namba 114 mambo yakiharibika. Katikati yao yupo fundi na drili yake, na kwenye ule ukuta wa Njombe hakuna mtu mwingine aliyesimama naye. Ningependa siku moja duka linalouza hita likatae kuitoa bila bomba lake, kama duka la pikipiki linavyoweza kukataa kuitoa bila kofia. Hilo halihitaji sheria mpya.

King'ora cha kaboni monoksidi kinasaidia, kikiwekwa karibu na wanapolala watu na kubadilishwa umri wake ukiisha. Mama mwenye nyumba aliuliza bei yake kabla sijamaliza kueleza kinavyofanya kazi. Nilimwambia aanze na bomba.

Alasiri, kabla sijaenda kukata tiketi yangu, tulizunguka nyuma ya nyumba sisi watatu. Magazeti yalikuwa yameshatolewa kwenye matundu, na hita ya chumba changu imelazwa juu ya benchi, mtungi kando yake. Fundi alichora duara kwa chaki ukutani, usawa wa kichwa chake. Kisha akavuta futi kamba kutoka hapo hadi kwenye fremu ya dirisha la chumba cha pili, akainama kusoma. Sentimita tisini.

Akafuta duara kwa kiganja, akasogea kulia, akapima tena.